Fundo Juu ya Sikio la Kushoto

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura kusema na fisi kujibu. Nasema zamani ya jirani, wakati reli ilikuwa imeshaanza kuota majani, na wale waliopigana vita vya kwanza vya Wazungu walikuwa wamekwisha wote, wamebaki watoto wao, na watoto wenyewe wameshakuwa wazee.

Sogeeni. Nitawapa kofia moja na watu watatu, kisha nitawaomba hukumu. Nawaomba kitu kimoja: kila kipande nitakachowapa kishikeni, hata kikiwa kidogo kama tundu la sindano. Kikianguka kipande kimoja, hukumu itapinda, na hapa hakuna mtu anayestahili hukumu iliyopinda.

Palikuwa na mtu akiitwa Kasembe. Alikuwa mkuu wa stesheni katika mji wa Mbingasi, mji wa bondeni ambako mto huacha tope jeusi kila masika. Alipostaafu hakununua ng'ombe, wala hakuoa mke wa pili. Alikusanya kofia. Si kofia za sokoni. Kofia za vita. Alizitafuta kwa watu waliozitumia kuwekea mbegu, kwa watu waliozifunikia mitungi, kwa watu waliowavalisha watoto wao wakicheza. Chumba chake cha wageni kilikuwa rafu kwa rafu, na kila rafu kofia kwa kofia, zimeketi kimya kama watu wanaosubiri kuitwa majina.

Watu wa Mbingasi walimcheka, si kwa ubaya.

"Bwana Kasembe, una kichwa kimoja. Kofia zote hizo za nini?"

"Si za kichwa changu."

"Za nani basi?"

"Za wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Ndicho ninachokiuliza kila siku."

Alikuwa na taratibu zake, na lazima mzijue. Kabla ya kugusa kofia, alinawa mikono kwa majivu, akaikausha juani. Hakuivaa kofia ya mtu hata kwa mzaha. Tena hakuanza kuitazama kwa nje. Aliigeuza, akaanza na ndani. Alisema, "Nje ya kofia ni amri ya mkubwa. Ndani ya kofia ni mtu." Kwa ndani aliona jasho lilikokaa, aliona mshono uliorudiwa, aliona kama mwenyewe alikuwa na kichwa kirefu au cha duara. Mtu akimletea kofia asubuhi, jioni Kasembe alimwambia ilipigana upande gani, na aliyeivaa alikuwa na kawaida ya kuivua kwa mkono upi. Watu waliacha kucheka hapo. Walisema, "Huyu anasoma vitambaa."

Basi ikaja masika moja, mto ukafurika. Nyumba zilianguka upande wa kivuko cha chini. Maji yalipopungua, mwanamke mmoja akaja kwa Kasembe na ungo kichwani, ungo umefunikwa kanga. Jina lake Bi Asumini. Alikuwa mfinyanzi, mwanamke wa umri wa kati, na ulimi wake watu wa kivukoni waliuogopa kuliko mafuriko.

"Hodi hapa kwa mwenye vichwa vingi!"

"Karibu, Bi Asumini. Pole na nyumba."

"Nyumba imekwenda, bwana. Ukuta umekwenda, jiko limekwenda, hata paka amekwenda, na yule nilimpenda. Kilichobaki ni hiki."

Akafunua ungo. Ndani yake palikuwa na kofia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa nitakwenda polepole. Haikuwa tarabushi, ingawa utosi wake ulisimama kama wa tarabushi. Haikuwa kofia ya Mzungu, ingawa ilikuwa na mdomo mfupi mbele wa kukinga jua. Nyuma ilikuwa na pazia la kufunika shingo, na pazia lile lilikuwa la kitambaa kingine, kizito, kama cha gunia la unga. Rangi yake ilikuwa kahawia. La, si kahawia hasa. Ilikuwa rangi ya chai iliyopoa kikombeni na kuacha mstari. Na juu ya rangi ile palikuwa na weusi wa moshi, weusi laini unaong'aa kidogo, kama weusi wa dari la jikoni.

Kasembe alisimama. Kisha akakaa. Kisha akasimama tena.

"Umeitoa wapi?"

"Sijaitoa popote, imetoka kwetu. Lakini sikiliza kwanza, kaka, kabla hujaikodolea macho hivyo. Sikuuzii. Wala sikupi. Nakukabidhi. Hii ni amana."

Akamweleza. Wakati wa vita, babu yake Bi Asumini alikuwa mvuvi wa kambare pale kivukoni. Siku moja majeshi yalipita, upande mmoja ukikimbia, upande mwingine ukifukuza, na watu wote wakaingia porini. Babu akabaki kwa sababu mke wake alikuwa na uchungu wa kuzaa. Alipotoka kuchota maji akakuta askari mweusi amelala kando ya njia, amekufa. Mtu aliyekutwa akimshughulikia askari aliyekufa angeweza kuhesabiwa adui na upande wowote utakaopita. Babu alijua. Alichimba hata hivyo. Alimzika mgeni yule mchana kweupe, mke wake akilia ndani ya nyumba, na aliporudi alikuta mtoto amezaliwa.

"Mtoto yule ndiye baba yangu," alisema Bi Asumini. "Kwa hiyo kwetu, mgeni yule na baba yangu ni watu wa siku moja. Kila mwaka siku ile tukipika, sahani ya kwanza ilikuwa yake."

"Na kofia?"

"Babu aliitoa kichwani ili amweke ardhini kichwa wazi, kama watu. Alipoipapasa, akahisi ndani ya kitambaa mna kitu. Hakuifungua. Alisema, 'Humu mna mkono wa mwanamke, na mwanamke huyo si wangu.' Akaitundika juu ya jiko. Akaacha neno: atakayekuja akasema kilicho ndani kabla haijafunguliwa, huyo ndiye mwenyewe, apewe. Babu akafa, haikufunguliwa. Baba akafa, haikufunguliwa. Mimi moshi umenitoa machozi miaka yote chini yake, sijaifungua. Wadudu hawakuila kwa sababu ya moshi wetu. Sasa sina dari, sina jiko. Wewe unajua vichwa vya watu. Mtafute mwenyewe."

Kasembe akanawa mikono kwa majivu. Akaikausha juani. Lakini jicho lilikuwa na njaa, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alianza na nje.

Akasema, "Hii ni ya jeshi lililotoka magharibi, ng'ambo ya ziwa. Tazama mdomo wake."

Akaiweka chini.

"Nimekosea. Nimeanza na nje, kofia imenidanganya kama inavyomdanganya mtu yeyote. Nipe nafasi, dada."

Akaanza upya, na ndani. Aliinusa. Aliinua bitana, kile kitambaa cha ndani, kwa ncha ya ukucha pasipo kukata uzi. Akatazama nyuzi za kitambaa cha nje kwa upande wa chini ambako moshi haukufika. Uzi ulikuwa mnene mahali, mwembamba mahali.

"Hiki hakikutoka kiwandani," alisema. "Huu uzi umesokotwa kwa vidole. Na rangi hii ni ya magome ya mti yaliyochemshwa. Meli zilikuwa haziji tena. Upande ule uliokuwa ukikimbia ulikuwa umeishiwa kila kitu, ukajifumia nguo zake wenyewe porini. Bi Asumini, nimesikia habari za kofia kama hizi tangu nikiwa kijana. Sijapata kukutana na mtu aliyeiona hata moja."

Bi Asumini akasogea, akainama kuutazama ule uzi.

Kasembe akaipima kwa kiganja. Akaigonga kwa kidole, polepole, akainamisha sikio kama mtu anayechagua nazi.

"Kofia za namna hii zilisimamishwa kwa fremu ya fito nyembamba ndani. Fito hulia kavu. Hii hailii kavu. Hii inalia kama jamvi likipigwa vumbi. Ndani mna msuko wa ukindu. Umeanzia hapa utosini, ukazunguka, ukashuka." Kidole chake kikashuka pamoja na maneno. "Na umefungwa kwa fundo moja. Fundo liko hapa. Juu ya sikio la kushoto."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nipe wembe."

Bi Asumini akakata nyuzi za bitana, chache tu, akaikunja. Wakatazama wote wawili.

Palikuwa na ukindu, kama alivyosema. Umesukwa mistari miwili kwa miwili, mmoja wa rangi yake na mmoja mweusi, ule ukindu unaozikwa kwenye tope mpaka unyonye weusi. Ulianzia utosini kwa umbo dogo kama ua lililofumba, na ulizunguka pasipo kukosea hata mahali pamoja, duara ndani ya duara, mpaka ukingoni. Na juu ya sikio la kushoto palikuwa na fundo. Lilikuwa dogo kuliko punje ya kunde. Mistari yote iliingia pale, na hakuna hata mmoja ulioonekana ukitoka.

Moshi haukufika humo ndani, wala jua. Ukindu ulikuwa bado na mng'ao wa siku uliposukwa. Kofia ya nje ilikuwa kuukuu, na ndani yake kazi ilikuwa mpya, kana kwamba yule mwanamke ameinuka sasa hivi kwenda kuchochea moto na atarudi.

Kasembe akasema kwa sauti ndogo, "Zote zile rafuni ni za wakubwa waliotoa amri na mafundi waliolipwa. Sijapata kuona ambayo ndani yake mna mke wa mtu."

Bi Asumini akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Moshi," alisema, ingawa hapakuwa na moto. Kisha akasema, "Umesema kilicho ndani kabla haijafunguliwa. Neno la babu limetimia. Ni yako."

Shikeni kipande hiki. Kasembe angeweza kuichukua pale pale. Alikuwa ameisikia tangu ujana wake, akaitafuta tangu alipostaafu, na sasa imetamkwa kuwa yake, na shahidi yupo. Rafu ilikuwa tayari. Palikuwa na nafasi aliyoiacha wazi miaka mingi kwa ajili yake.

Lakini alisema, "Babu yako alisema 'huyo ndiye mwenyewe'. Mimi nimeijua. Kuijua na kuwa mwenyewe ni mamoja?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni mfinyanzi."

"Basi nipe muda. Nimtafute mwenye mkono huu."

Akachukua kipande cha kitambaa cheupe, akauchora kwa makaa ule mwanzo wa utosini, ua lile lililofumba. Fundo hakulichora, kwa sababu halikuchoreka. Alijaribu, akashindwa kuona mstari upi unapita juu na upi chini. Akashika njia kufuata mto kwenda juu, soko kwa soko, akiwauliza wanawake wauza majamvi.

Alifika soko la kwanza. "Dada zangu, mwanzo huu ni wa nani?"

Wakautazama. "Si wa kwetu. Wa kwetu huanza kwa msalaba. Panda juu."

Alifika soko la pili. "Mama zangu, mwanzo huu ni wa nani?"

Wakautazama. "Si wa kwetu. Wa kwetu huanza kwa nyota. Na wewe mzee mzima unatembea na shuka la makaa, mkeo anajua uliko? Panda juu."

Alifika soko la tatu, karibu na chanzo cha mto, ambako ukindu huota mpaka kwenye nyua za watu. "Bibi zangu, mwanzo huu ni wa nani?"

Hapo hawakucheka. Mmoja alimshika mwenzake mkono.

"Huo ni wa nyumba ya Mwasiti. Amebaki mmoja. Mfuate yule mtoto wa mbuzi, anakwenda huko huko."

Kasembe akamfuata mbuzi. Akafika kwenye nyumba ya bibi mmoja mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili wake, ameketi barazani anachana ukindu. Jina lake Bi Somoe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni jamvi la kulalia, yapo. Kama ni jamvi la kuzikia, sifungi. Nenda kwa jirani."

"Kwa nini hufungi?"

"Kwa sababu sijui kufunga."

Ni lazima niwaeleze desturi ya huko, msije mkadhani bibi alikuwa anatania. Kule juu ya mto, kila nyumba ina mwanzo wake wa kusuka na fundo lake la kufungia jamvi la kuzikia. Mwanzo binti hufundishwa utotoni. Fundo halifundishwi utotoni. Fundo hufundishwa siku moja tu, siku mama anapofunga jamvi la kumzikia mume wake, mikono ya binti ikiwa juu ya mikono ya mama. Na mtu akifia mbali, mwili usionekane, huzikwa kitu kilichokaa mwilini mwake, kimeviringishwa ndani ya jamvi lake. Na majamvi hufuatana: jamvi la mtoto halifungwi kabla la baba halijafungwa. Asiyefungiwa jamvi hulazwa ardhini na nyuzi zikiwa wazi, na kwa watu wa huko hilo ni jambo la kuogopesha. Husema mtu kama huyo amelazwa ila hajafika.

Bi Somoe alimwonyesha Kasembe jamvi lililotundikwa ukutani. Lilianza kwa ua lililofumba. Lilikuwa na mistari miwili kwa miwili, mmoja wa rangi yake na mmoja mweusi. Na upande mmoja lilikuwa wazi, nyuzi zake zimening'inia kama nywele za mtu aliyeamka.

"Hilo la baba yangu, Malongo. Mama yangu, Mwasiti, alilisuka vita vilipokwisha na mume hakurudi. Hakulifunga, maana hakuwa na kitu cha kuweka ndani. Baba alikuwa na shati moja, akaondoka nalo. Nami nilikuwa tumboni, sikupata kumwona. Mama akafa na fundo lake. Na hili la pembeni ni langu. Nimeshalimaliza, ila kufunga. Daktari wa misheni ananitazama siku hizi kama mtu anayetazama basi linaloondoka. Siogopi kufa, mwanangu. Naogopa kulazwa wazi."

Kasembe hakusema chochote kuhusu kofia. Kumbukeni hilo. Hakuwa ameionyesha, aliiacha Mbingasi kwa Bi Asumini. Alimwuliza tu, "Baba yako alikuwa na kofia?"

Bi Somoe akacheka, akionyesha meno mawili. "Kofia! Mama alikuwa na hadithi moja tu ya baba, na ni hiyo. Alipata ruhusa akaja nyumbani siku chache. Kofia yake ilikuwa imekandamizwa na sanduku la risasi, fremu ya ndani imevunjika. Alikuwa anaogopa adhabu. Mama akakaa akamsukia fremu nyingine ya ukindu, akaishonea ndani. Akaifunga kwa fundo la nyumba, ingawa si ruhusa kuliweka kwa mtu aliye hai. Alisema, 'Nilimfungia juu ya sikio la kushoto, ili aisikie nyumba.'"

Kasembe akasimama. Kisha akakaa. Hakusimama tena kwa muda mrefu.

Alipomweleza yote, wakateremka wote wawili mpaka Mbingasi. Bi Asumini akaitoa kofia, akaiweka mezani kwa Kasembe, katikati ya kofia zote zile zilizonyamaza. Bi Somoe hakuitazama. Alifumba macho, akaingiza mkono ndani. Vidole vilianza utosini, kwenye ua, vikazunguka na mistari, duara ndani ya duara, vikienda kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia anayoijua. Vikafika ukingoni. Vikafika juu ya sikio la kushoto. Vikasimama.

"Hapa," alisema. "Hapa sijapata kufika."

Kidole kikabaki juu ya fundo.

Kisha Bi Somoe akafumbua macho, akasema, "Nipeni niende nayo. Lazima nilifungue fundo hili ili nijue linavyofungwa. Fundo la namna hii halisomeki mpaka lifunguliwe. Msuko utaachia wote. Haidhuru. Nitaiweka kofia ndani ya jamvi la baba, nitafunga, tutazika. Kisha nitafunga na langu."

Kasembe akaweka mkono wake mezani, karibu na kofia, pasipo kuigusa.

"Bibi, nakuheshimu. Lakini nisikilize. Hii ni moja. Sijui ya pili, na hakuna ninayemjua anayejua ya pili. Wakubwa wa vita vile wana sanamu, wana vitabu, wana majina kwenye mawe. Malongo ana hii, na Mwasiti ana hii. Ikizikwa, kesho mtu atasema hapakuwa na mke aliyesuka kofia ya vita, nami nitamwonyesha nini? Niliisema kabla haijafunguliwa. Nilitamkiwa kuwa ni yangu, nikakataa kuichukua mpaka nikutafute. Ningekaa kimya, usingejua kamwe. Je, uaminifu wangu ndio utakaoinyang'anya nuru? Niachie. Nitaiweka mahali pa juu, na majina yao yote mawili, na kila atakayeingia atajua."

"Ikae ili imkumbushe nani?" aliuliza Bi Somoe. "Mimi sijasahau."

"Wasiojua."

"Wasiojua hawakulala bila baba."

"Na bila macho ya Bwana Kasembe," alisema Bi Asumini, "hata wewe, mama, ungekuwa huko unachana ukindu. Tuseme kweli."

"Ninaisema. Mungu amlipe. Lakini neno la babu yako lilikuwa lipi? Atakayesema kilicho ndani kabla haijafunguliwa. Huyu alisema mwaka huu. Mimi nilikuwa ninasema tangu nina meno ya utoto, kila mtu wa kwetu anaijua hadithi ya sikio la kushoto. Nani alisema kwanza?"

"Kabla haijafunguliwa, mbele ya mwenye amana," alisema Kasembe. "Bi Asumini alikuwepo niliposema."

Wote wawili wakamgeukia Bi Asumini. Naye alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Mnanitazama kama mizani. Na mimi je? Mnasema baba yake, mnasema kofia yake. Nani alimzika? Babu yangu. Mke yuko kwenye uchungu, risasi zinalia, anachimba. Alishazikwa, mama yangu. Alizikwa na mikono yenye adabu. Kaburi lile mto umelichukua, halipo tena. Jiwe lake ni kofia hii tu. Sahani ya kwanza kila mwaka, nani alimpakulia? Sisi. Ikienda ardhini huko juu, au ikienda rafuni hapa, basi tendo la babu yangu limekwisha kama moshi. Ninajenga nyumba. Ina jiko. Moshi wetu ndio uliomlinda, na moshi wetu utamlinda tena. Mtu aliyezikwa na watu wangu na kulishwa na watu wangu ni mtu wa kwetu. Na mkitaka kumtembelea, mlango uko wazi, njooni na mchele."

"Amezikwa pasipo jamvi," alisema Bi Somoe, taratibu.

"Amezikwa pasipo hofu," alijibu Bi Asumini. "Wangapi walipata hilo?"

Bi Somoe akainamisha kichwa. "Wachache. Nakushukuru, mwanangu. Nakushukuru kwa sahani zote zile." Wakashikana mikono juu ya meza, na wakalia, na Kasembe naye, aliyeishi na kofia za wafu miaka yote hiyo, aligeuka kutazama rafu zake kwa sababu hakujua aweke wapi uso.

Lakini kulia hakukuamua kitu. Walipomaliza kulia kofia ilikuwa pale pale.

Kasembe hakusema, "Chukua." Alitaka kusema, akafungua kinywa, akaiona ile nafasi tupu rafuni, akafumba.

Bi Asumini hakusema, "Chukua." Aliwaza neno la babu yake, akaona linaelekea kwa watu wawili kwa wakati mmoja, na yeye mwenyewe yuko katikati.

Na Bi Somoe, ambaye angeweza kuvuta, hakuvuta. Kidole chake kikubwa kilikuwa kimerudi juu ya fundo lile dogo kuliko punje ya kunde. Alikuwa amepata uzi wa kwanza. Mvuto mmoja tu, na nyumba ya Mwasiti ingejua kufunga tena. Mvuto mmoja tu, na kazi ile iliyokaa mpya gizani tangu vita isingekuwapo tena duniani.

Akawatazama wenzake. Akasema, "Nisiwe mwizi uzeeni. Niambieni. Nivute?"

Sasa ninyi mliokaa hapa. Yuko aliyeijua kofia, akasema kilicho ndani, akatamkiwa, na akaenda kumtafuta wa kumnyang'anya. Yuko ambaye watu wake walizika, wakalinda, wakalisha, na hawakufungua. Yuko ambaye ni damu, na jamvi lake liko wazi, na siku zake zinakwisha. Mimi nimewapa kila kipande nilichonacho, sijaficha hata uzi. Kidole cha Bi Somoe kiko pale, juu ya sikio la kushoto, na hakitaondoka mpaka mseme.

Je, nani alistahili? Semeni, lakini pimeni kwanza, maana aliyejua kulifunga fundo lile hayupo tena.